Pikapu ya Gitaa la Kupakata: Dalili za Hitilafu, Vyanzo Vyake na Marekebisho

Gitaa la kupakata ni ubao mmoja wa mbao ngumu uliofungwa nyuzi sita zilizoinuliwa juu ya uso wake, na mpigaji, badala ya kuzibana nyuzi kwa vidole, hutelezesha juu yake kipande kizito cha chuma. Kwa kuwa halina shingo ya kuchongwa kwa mviringo wala vyuma vya kupandwa kwa vipimo vya nusu milimita, fundi yeyote wa Kisauni au Changamwe hapa Mombasa mwenye msumeno, patasi na kipande kizuri cha mvule au mkangazi anaweza kuliunda likapendeza. Mbao ni nadra kuleta taabu. Taabu huanza pale umeme unapotiwa, na hapo watu wengi hununua pikapu, yaani kifaa kinachogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme, ya pili na ya tatu wakitafuta sauti ambayo pikapu ya kwanza ilikuwa nayo tangu mwanzo.

Pikapu ni waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mizunguko kando ya sumaku. Uzi wa chuma unapotetemeka ndani ya nguvu ya sumaku hiyo, huitikisa, na mtikisiko huo huzalisha umeme mdogo sana ndani ya koili. Karibu kila dalili itakayoelezwa hapa inatokana na mambo matatu yaliyomo katika maelezo hayo mafupi: uzi ni lazima uwe wa madini yanayovutwa na sumaku, umbali kati ya uzi na sumaku hubadilisha kila kitu, na koili haichagui, bali hupokea mvumo wa nyaya za umeme za nyumba nzima kama inavyopokea muziki. Ndiyo maana ninashikilia kwamba pikapu yenyewe ilaumiwe mwisho, baada ya nyuzi, umbali, mahali ilipofungwa, na waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini.

Usalama na kipimo cha kwanza

Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240, na nyuzi za gitaa la umeme huunganishwa na daraja, yaani kipande cha chuma kinachozishikilia mwishoni mwa ubao, daraja na waya wa ethi wa tundu la jeki, na waya huo na bodi ya amplifaya. Kwa hiyo umeme wowote uliovuja kwenye bodi ya amplifaya uko mikononi mwa mpigaji, ambaye mkono wake wa kushoto umeshika chuma kinachogusa nyuzi zote kwa pamoja. Amplifaya iliyokatwa mguu wa ethi kwenye plagi, au iliyochomekwa kwenye ekstensheni ya nyaya mbili, ni ya kuogopwa, na hatari huzidi kwa mtu aliyekaa peku juu ya sakafu ya saruji yenye unyevu wakati wa masika. Dalili ya mapema ni mwasho mwepesi kwenye vidole unapopitisha mkono taratibu juu ya nyuzi. Ukiuhisi, zima swichi ya ukutani, chomoa plagi, na usiendelee hadi fundi umeme mwenye leseni apime soketi na amplifaya. Yeyote atakayekushauri ukate ethi ili mvumo upungue anakupa ushauri unaoweza kuua.

Baada ya hapo, chukua multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, uiweke kwenye kipimo cha omu hadi elfu 20, uchomeke kebo kwenye gitaa bila kuiunganisha na amplifaya, ufungue sauti hadi mwisho, kisha upime kati ya ncha na shina la plagi iliyo huru. Pikapu ya koili moja kwa kawaida husoma kati ya kilo-omu 5 na 8. Ya koili mbili ya mtindo wa zamani husoma kati ya 7 na 9, na zile zilizozungushwa waya mwingi hufika 15 na kuzidi. Usishtuke kipimo kikiwa chini kidogo ya kile kilichoandikwa kwenye pakiti, kwa sababu potenshiomita ya sauti, yaani kitasa cha kuongeza na kupunguza sauti, imeunganishwa sambamba na koili: pikapu ya kilo-omu 7 yenye potenshiomita ya kilo-omu 250 itasoma takriban 6.8. Kipimo cha sifuri kinaonyesha kwamba nyaya mbili zimegusana mahali fulani. Multimita isiyosoma chochote inaonyesha kwamba waya umekatika. Kipimo kilicho katika kiwango chake, pamoja na sauti ya "tok" kwenye spika unapogusa kila sumaku kwa bisibisi, ni ushahidi wa kutosha kwamba pikapu ni nzima, na kwamba kutafuta nyingine ni kupoteza fedha.

Kwa ambaye bado hajanunua

Magitaa ya umeme ya kwanza kuuzwa kwa mafanikio yalikuwa ya kupakatwa. Lile la Rickenbacker lililobuniwa na George Beauchamp, ambalo lilianza kuuzwa mwaka 1932 na kupewa hataza mwaka 1937, lilikuwa la aluminiamu, na pikapu yake ilikuwa na sumaku mbili za umbo la kiatu cha farasi zilizopinda juu ya nyuzi. Pikapu za namna hiyo husifiwa mno, nami nakubaliana na sifa zake, lakini simshauri anayeanza azitafute: ni ghali, na tao lake linakaa pale pale ambapo mkono wa kulia unataka kupumzika na kuzima nyuzi.

Linalopaswa kuamua ununuzi ni nafasi kati ya nyuzi. Pima kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa sita, mahali hasa ambapo pikapu itakaa. Pikapu za mtindo wa kampuni ya Fender zina sumaku zilizopangwa katika upana wa takriban milimita 52, na za mtindo wa kampuni ya Gibson takriban 50, lakini gitaa la kupakata lililoundwa nyumbani mara nyingi huwa na nyuzi zilizoachana zaidi ya hapo, kwa kuwa muundaji hutaka nafasi ya vidole. Upana wako ukizidi upana wa sumaku kwa zaidi ya milimita 3, nunua pikapu yenye ubapa mmoja mrefu wa chuma badala ya vidoto sita vya sumaku, kwani ubapa hausumbuliwi na mahali uzi unapopita. Katika mji wenye nyaya za umeme zilizosongamana kama Mombasa, ningechagua pikapu ya ubapa yenye koili mbili kuliko nyingine yoyote. Koili mbili zilizozungushwa kinyume na kuwekewa sumaku za pande tofauti hufuta mvumo wa umeme huku zikijumlisha sauti ya nyuzi. Mbinu hiyo ilitengenezwa katika kampuni ya Gibson na Seth Lover mwaka 1955, na hadi leo ndiyo kinga bora dhidi ya mvumo.

Dalili: nyuzi hazilingani kwa nguvu

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na chanzo chake cha kwanza ni rahisi kukitambua. Ikiwa nyuzi mbili nyembamba zinalia kwa nguvu ilhali zile nne nene zinasikika kama ziko chumba cha pili, karibu kila mara umefunga nyuzi za gitaa la kawaida lisilo la umeme. Nyuzi hizo nene zimezungushiwa shaba nyeusi au shaba ya manjano, na madini hayo hayavutwi na sumaku, kwa hiyo pikapu inasikia kiini chembamba cha chuma kilichomo ndani peke yake. Nyuzi mbili za mwanzo hazikuzungushiwa kitu, ndizo zinazosikika sawasawa. Nunua seti iliyoandikwa kwamba ni ya gitaa la umeme, ambayo nyuzi zake nene zimezungushiwa chuma kilichopakwa nikeli. Kujaribu kusawazisha nyuzi zisizofaa kwa kuinamisha pikapu ni kazi isiyo na mwisho.

Nyuzi zikiwa sahihi na bado mmoja au miwili tu imezama, tazama kutoka juu uone kama kila uzi unapita juu ya kidoto chake. Uzi wa kwanza na wa sita unapopita nje ya sumaku, hufifia, na hufifia zaidi katika gitaa hili kuliko katika gitaa la kawaida, kwa sababu hapa hakuna kukunja uzi kwa kidole kuurudisha juu ya sumaku. Tiba ni pikapu ya ubapa, au kupunguza nafasi ya nyuzi kwenye daraja kama daraja lako linaruhusu.

Kuna chanzo kingine kinachowapita wengi. Baadhi ya pikapu za mtindo wa Stratocaster, gitaa la kampuni ya Fender, zina vidoto vya sumaku vyenye vimo tofauti, vilivyokusudiwa kufuata mviringo wa shingo ya gitaa la kawaida na seti za nyuzi za zamani. Nyuzi za gitaa la kupakata hukaa katika usawa mmoja kama meza, kwa hiyo kidoto kilichochomoza huufanya uzi wake upige kelele na kilichozama huufanya wake ununung'unike. Usijaribu kuvisukuma vidoto hivyo kwa nyundo: katika pikapu nyingi za namna hii waya wa koili umezungushwa moja kwa moja juu ya sumaku, na kukisogeza kidoto ni kuukata. Chagua pikapu yenye vidoto vya kimo kimoja au yenye skrubu zinazopandishwa na kushushwa kwa bisibisi.

Upande mzima ukiwa dhaifu, yaani nyuzi nene zote au nyembamba zote, tatizo ni mwinamo. Weka chuma cha kutelezesha mahali pa juu kabisa unapopiga, kwa kuwa uzito wake huzishusha nyuzi, kisha upime umbali kutoka chini ya uzi hadi juu ya sumaku. Anza na milimita 3 upande wa nyuzi nene na 2.5 upande wa nyembamba, halafu usikilize na usogeze kwa robo mzunguko wa skrubu. Hapa ndipo fundi hugundua kwamba pikapu haifiki: nyuzi za gitaa hili huinuka milimita 8 hadi 12 juu ya ubao, na pikapu iliyozamishwa ndani ya shimo kwa mazoea ya gitaa la kawaida hubaki mbali mno. Weka kibao cha mbao chini yake, au, jambo ninalolipendelea, usichimbe shimo la kina tangu mwanzo, bali uifunge pikapu juu ya uso wa ubao kati ya vibao viwili vya pembeni.

Dalili: mvumo na mngurumo

Kabla ya kufungua chochote, sikiliza mvumo wenyewe na ufanye majaribio matatu. Kwanza, ukiwa umekaa na gitaa mapajani, geuka polepole duara zima. Mvumo ukipanda na kushuka kulingana na upande unaoelekea, koili inanasa nguvu ya sumaku ya transfoma iliyo karibu, mara nyingi ile iliyomo ndani ya amplifaya yenyewe. Hakuna karatasi ya kukinga itakayozuia mvumo huo wa hezi 50. Sogea mbali na amplifaya, au badili uje kwenye pikapu ya koili mbili. Pili, zima feni. Vidhibiti mwendo vya feni vya kielektroniki, taa za LED za bei nafuu, chaja za simu, na inveta zinazowashwa umeme unapokatika hutoa mngurumo mkali, mwembamba kuliko mvumo wa transfoma, na katika nyumba za Mombasa ambazo feni haizimwi kuanzia kaskazi inapoanza, pikapu hulaumiwa kila mara kwa kosa la chanzo hiki. Tatu, gusa nyuzi kwa mkono, halafu uguse chuma cha nje cha plagi ya jeki.

Jaribio la tatu linaeleza mengi. Kelele ikipungua kwa kiasi sawa ukigusa nyuzi na ukigusa jeki, waya wa ethi wa daraja ni mzima, ila gitaa limekosa kinga: mwili wako unanasa kelele na kuileta karibu na pikapu, na unapogusa nyuzi kelele hiyo inapata njia ya kwenda ethi. Kelele ikipungua ukigusa jeki lakini isipungue ukigusa nyuzi, daraja halijaunganishwa na ethi. Fungua, tafuta waya ulioachia, na uulehemu upya. Rangi au vanishi iliyo chini ya daraja ikwanguliwe hadi chuma kionekane, kwa sababu waya uliobanwa juu ya vanishi haupitishi kitu. Kelele ikiongezeka ukigusa nyuzi, nyaya mbili za tundu la jeki zimebadilishana mahali, na nyuzi zimeunganishwa na njia ya sauti badala ya ethi. Angalia pia chuma chako cha kutelezesha: mpigaji anayetumia cha kioo au cha mawe hatasikia kelele ikipungua mkono wa kushoto unapokuwa juu ya nyuzi, hata kama kila waya uko mahali pake.

Kuweka kinga ni kuvika ndani ya shimo la pikapu na la potenshiomita kwa karatasi ya madini, kila kipande kikipanda juu ya kingine, na kuunganisha yote kwa waya mmoja wa ethi. Karatasi ya shaba yenye gundi ndiyo bora, kwa kuwa hushika lehemu. Foili ya aluminiamu ya jikoni nayo inafanya kazi, lakini haishiki lehemu ya kawaida. Ibane kwa skrubu yenye washa ambayo waya wa ethi umezungushiwa, na upime kwa multimita kama vipande vyote vimeungana. Hakikisha hakuna mahali ambapo foili inagusa mguu wa kati wa potenshiomita au ncha ya jeki, la sivyo utakuwa umeponya kelele kwa kuinyamazisha sauti yenyewe.

Kelele inayokuja pale tu unapounganisha gitaa na kompyuta inayochajiwa inatoka kwenye chaja. Ichomoe usikilize tofauti.

Dalili: sauti nyembamba, au sauti iliyofunikwa blanketi

Dalili hizi mbili zinapingana, lakini mara nyingi zinatoka pahali pamoja, nalo ni tundu ambalo gitaa limechomekwa. Wengi wetu hatuna amplifaya ya gitaa. Tunachomeka kwenye mikisa ya ukumbi au kwenye mfumo wa muziki wa nyumbani. Tundu la laini la vifaa hivyo mara nyingi lina ukinzani wa takriban kilo-omu 10, ilhali amplifaya ya gitaa ina takriban milioni moja ya omu. Pikapu ya sumaku ya kilo-omu 7 ikichomekwa kwenye kilo-omu 10 hupoteza karibu asilimia 40 ya nguvu yake, na kinachopotea zaidi ni sauti za juu, ndipo sauti inapofunikwa. Kinyume chake, pikapu ya piezo, ile sahani nyembamba ya milimita 27 inayotolewa kwenye vidude vya kengele na kuuzwa kwa bei ndogo na mafundi wa redio, hupoteza sauti za chini ikichomekwa hapo, ikabaki nyembamba kama bati. Tiba ya zote mbili ni kisanduku cha kulinganisha ukinzani, chenye ingizo la omu milioni moja au zaidi, kikae kati ya gitaa na mikisa. Piezo pekee siipendekezi kwa gitaa hili hata ikiwa na kisanduku hicho, kwa kuwa inasikia ubao mzima na si nyuzi peke yake: kila mguso wa chuma na kila msuguano wa nguo utasikika.

Ikiwa tundu ni sahihi na sauti ni kali mno, tazama thamani ya potenshiomita. Iliyoandikwa 500K huachia sauti za juu zaidi, na inafaa pikapu za koili mbili. Iliyoandikwa 250K hulainisha, na ndiyo ya koili moja. Chuma juu ya chuma tayari ni sauti kali, kwa hiyo katika gitaa la kupakata natumia 250K hata pale ambapo desturi inasema 500K. Sauti nzito kupita kiasi inaweza kutokana na kebo ndefu, kwa maana kila mita huongeza takriban pikofaradi 100 ambazo humeza sauti za juu. Kebo ya mita 10 na ya mita 3 ni ala mbili tofauti masikioni.

Pikapu mbili zinazolia vizuri kila moja peke yake, lakini zikifunguliwa pamoja sauti inakonda na kutokea puani, zinafanya kazi kinyume. Badili nyaya mbili za pikapu moja. Ikiwa kifuniko chake cha chuma kimeungwa na waya mmojawapo, kitenganishe kwanza na ukipe waya wake wa ethi. Hitilafu hiyo hiyo hutokea ndani ya pikapu moja ya koili mbili yenye nyaya nne za rangi, fundi anapofuata mchoro wa kampuni nyingine, kwani rangi hazina maana moja kwa watengenezaji wote. Hapo sauti hukonda na mvumo unaopaswa kufutwa hurudi.

Linalobaki ni mahali pikapu ilipofungwa, nalo ndilo jambo ambalo ningemwomba kila muundaji alitafakari kabla hajashika patasi. Katika gitaa la kawaida, pikapu iliyo mbali na daraja hutoa sauti nene ya kupendeza, na fundi huhamishia fikra hiyo hapa. Tuchukue gitaa lenye urefu wa uzi wa milimita 570 kutoka kizingiti, yaani kipande kinachoinua nyuzi upande wa pili, hadi daraja. Pikapu iliyo milimita 90 kutoka daraja, uzi ukiwa wazi, iko katika asilimia 16 ya urefu. Telezesha chuma hadi mahali pa ishirini na nne, pale ambapo nota ni oktavu mbili juu ya uzi wazi: urefu unaobaki ni milimita 142.5, na pikapu ile ile sasa iko katika asilimia 63, yaani imevuka katikati na iko karibu na chuma kuliko daraja. Sauti hapo inakuwa tupu na kuzama, na hakuna pikapu ya bei yoyote itakayoiokoa. Pikapu iliyo milimita 40 kutoka daraja inasogea kutoka asilimia 7 hadi 28 peke yake, na tabia yake haibadiliki sana kutoka chini hadi juu. Ndiyo sababu ninapendekeza milimita 35 hadi 45, hata kama sauti ya uzi wazi itakuwa kali kidogo. Ukali hupunguzwa kwa potenshiomita, lakini utupu hautibiki.

Jaribu kabla ya kukata. Ishike pikapu juu ya ubao kwa gundi ya pande mbili na vibao vya kuinulia, piga wimbo unaoujua vizuri kuanzia chini hadi juu, usogeze milimita 5, upige tena. Tia alama ya penseli pale masikio yako yaliporidhika.

Dalili: nota inayumba, au uzi unagonga

Uzi mnene unaolia kana kwamba una nota mbili zinazogombana, hasa ukiwa wazi, unavutwa na sumaku iliyo karibu mno. Shusha pikapu upande huo hadi ugomvi uishe. Mlio mkali wa "tak" unaposogeza chuma juu unamaanisha kwamba uzito wa chuma umeushusha uzi hadi ukagusa sumaku, na hapo umbali upimwe upya chuma kikiwa mahali pake pa juu, kama ilivyoelezwa. Pikapu inayoshuka yenyewe baada ya wiki kadhaa imefungwa kwa sponji, ambayo katika joto la pwani hulegea na kubonyea. Weka springi, au vipande vya mpira mgumu.

Dalili: spika inapiga yowe

Yowe linalosikika hata nyuzi zikizimwa kwa kiganja linatoka kwenye pikapu yenyewe: waya wa koili uliolegea, au kifuniko chake, unatetemeshwa na spika. Gonga kifuniko kwa kucha. Ukisikia mlio mkubwa kama unagonga maikrofoni, koili haijatiwa nta. Yeyusha mchanganyiko wa sehemu nne za nta ya mishumaa na sehemu moja ya nta ya nyuki ndani ya chombo kilichowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto mtupu, kwa kuwa nta hushika moto. Joto libaki karibu nyuzi 65 za Selsiasi na lisizidi 70, kwani fremu za plastiki hupinda. Zamisha pikapu hadi viputo vikome kutoka, uitoe, na uiache ipoe bila kuigusa. Pikapu ambayo tayari imetiwa nta kiwandani isirudiwe.

Dalili: sauti ilikuwa nzuri, sasa inakwaruza, inafifia au imekufa

Hapa pwani mtuhumiwa ni hewa ya chumvi. Mkwaruzo unaotokea ukizungusha kitasa ni uchafu ndani ya potenshiomita, na dawa ya kusafishia mawasiliano ya umeme huuondoa. Usitumie mafuta ya kulainisha bawaba. Sauti inayokatika ukitikisa plagi ni tundu la jeki lililolegea au kupata kutu: kunja kidogo ulimi wake kwa ndani, usafishe, na kama chuma kimeshabambuka, libadilishe. Lehemu iliyofifia na kuwa ya kijivu yenye nyufa irudiwe. Skrubu na springi za chuma cha kawaida hushika kutu na kukataa kuzunguka siku unapohitaji kurekebisha kimo, kwa hiyo funga za chuma kisichoshika kutu au za shaba ya manjano, ukitoboa kwanza tundu la milimita 2 kwa skrubu ya milimita 3 ili mvule usipasuke. Usisugue ubao wala nyuzi kwa sufi ya chuma ya kusugulia sufuria karibu na pikapu, maana chembe zake hurukia sumaku, hujipenyeza chini ya kifuniko na kukaa humo na unyevu.

Pikapu isiyosoma chochote kwenye multimita, ilhali ikipimwa kwenye nyaya zake yenyewe nje ya gitaa hali ni hiyo hiyo, imekatika ndani. Ondoa kifuniko na utafute kwa kioo cha kukuzia mahali waya mwembamba wa koili unapoungana na waya mnene. Kutu ya kijani mahali hapo ni habari njema, kwa sababu mkatiko uko nje: fungua mzunguko mmoja wa waya wa nje, kwangua vanishi yake taratibu, uulehemu, upime. Mkatiko ukiwa kwenye mwanzo wa koili, chini ya mizunguko yote, koili nzima ni lazima izungushwe upya kwa waya wa takriban milimita 0.063, kipimo kinachouzwa kwa jina la AWG 42, na fundi anayezungusha mota ndogo ana mashine na mkono wa kazi hiyo, mradi umpe idadi ya mizunguko na umwonyeshe kwamba waya huu hukatika kwa mvuto mdogo kuliko wowote aliouzoea.